Muiri na Mukinduri: Chunguza Kabla ya Kushika Shoka

Mkulima anayepewa shamba katika skimu ya nyanda za juu mara nyingi hukuta miti mikubwa imesimama, na kazi yake ya kwanza huwa kuikata. Ngoja kidogo. Muiri na mukinduri haina thamani moja. (Hayo ni majina ya Kikuyu, huenda kwenu mwaiita vingine.)

Chuma jani. La muiri hung'aa, kikonyo chake ni chekundu-chekundu, na ukilisugua hunukia kama lozi. La mukinduri lina rangi ya fedha upande wa chini.

Wataalamu hupanga mimea kwa koo, wakitazama hasa maua na matunda, wala si ukubwa wa mti. Ua la muiri ni dogo, jeupe, lenye sehemu za kiume na za kike pamoja. Kwa hiyo muiri, Prunus africana, umo katika ukoo wa mawaridi, nao ni ndugu wa karibu wa plamu na pichi. Mukinduri, Croton megalocarpus, una maua ya kiume na ya kike mbalimbali, katika shada refu linaloning'inia. Huo ni wa ukoo wa muhogo na mbarika. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa hali yao. Mukinduri hukua upesi, mbuzi hawaupendi, na hauhesabiwi kuwa hatarini. Panda, kata kuni, panda tena.

Muiri umo katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini kutoweka. Sababu ni gome lake. Tangu miaka ya 1960 limenunuliwa Ulaya kutengeneza dawa ya wazee wenye shida ya kukojoa. Wachumaji wenye haraka huuchuna mti kuuzunguka pande zote, ukafa. Tangu 1995 mkataba wa mataifa unaitwao CITES hauruhusu gome hilo kupelekwa nchi za nje bila kibali. Basi akija mnunuzi langoni akitaka magome, mwulize kibali kwanza, na wewe mwenyewe umwone afisa wa misitu kabla ya kukata.

Ukitaka kuotesha muiri, okota matunda yaliyoiva, yenye rangi ya zambarau iliyokoza. Ondoa nyama, osha mbegu, uzipande mara moja kitaluni penye kivuli. Usiziweke mkebeni kungoja mvua ya mwaka ujao, maana hazitaota.