Musa Aligeuka Kutazama

Somo la wiki. Soma: Kutoka 3:1–10, Luka 10:38–42

Jumapili mchungaji alituhubiria juu ya Musa na kile kijiti kilichowaka moto, na mimi nimeombwa niandike somo la wiki kutokana na mahubiri hayo. Kuna mstari mmoja pale ambao nimeusoma miaka mingi bila kuuona. Ni ule wa nne. Mungu hakumwita Musa wakati moto ulipowaka. Alimwita alipoona kwamba Musa amegeuka ili atazame.

Hebu tukae hapo kidogo. Musa alikuwa kazini. Kondoo hata hawakuwa wake, walikuwa wa mkwewe Yethro, na Stefano anatuambia katika Matendo 7 kwamba miaka 40 ilikuwa imetimia. Mtu akiwa amechunga muda wote huo, miguu inajua njia yenyewe. Angeweza kupita pale akiwaza Misri, au akimwaza kondoo aliyepotea jana. Kijiti kingewaka, naye apite tu.

Mimi nilipita.

Wengi wenu mnamjua mama yangu. Asubuhi moja ya baridi, mwaka juzi, nilikuwa nakamua. Mama akaja kama kawaida yake kuchukua maziwa ya chai, akasimama pale mlangoni mwa zizi. Akaniambia mkono wake wa kushoto umekuwa mzito, hata kikombe kimemponyoka. Masikio yalisikia. Lakini kichwa kilikuwa kwa mkopo wa sacco na karo ya kijana, na simu ilikuwa inalia mfukoni. Nikamjibu bila kuinua uso, "Ni baridi tu, mama. Ota moto." Nikamaliza kukamua, nikachukua kikapu, nikaenda kuchuna majani.

Saa nane mchana watoto walikuja shambani wakikimbia. Mama alikuwa ameanguka jikoni, mdomo umeenda upande, na jina langu likawa halitoki.

Hospitalini daktari aliuliza dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu ugonjwa wa kiharusi hausubiri na matibabu yake yanategemea saa. Mtu wa kujibu nilikuwa mimi. Zilianza kabla ya saa moja asubuhi, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

(Kwa faida ya wote: mkono ukilegea ghafla, mdomo ukienda upande, au maneno yakikwama, usingoje kuona kama itapita. Maombi yafanyike, ndiyo, lakini yafanyike mkiwa njiani kwenda hospitali.)

Mungu amemhifadhi mama. Nilitubu mbele za Bwana na mbele yake, naye amenisamehe.

Siku hizi hata kwenye redio wanafundisha watu kutulia na kuwa makini na kile wanachofanya wakati huo huo. Ndugu mmoja aliniuliza kama hayo si mambo ya dini za Mashariki yanayoingia kanisani. Ni swali zuri, na nilimjibu hivi: sisi hatuambiwi tuondoe kila kitu akilini tubaki watupu. Musa alitazama, akaitwa, akavua viatu, akapewa kazi. Tunatulia kwa sababu kuna Mtu anayesema.

Tena angalia Martha. Tumemhubiri vibaya huyu mama, utadhani Yesu alichukia kupika. Wageni walihitaji kula. Yesu alichomwonyesha ni kwamba anahangaika na kusumbuka kwa mambo mengi, wakati Bwana mwenyewe ameketi nyumbani kwake. Mikono ya Martha ilikuwa jikoni, lakini moyo wake ulikuwa unazozana na dada yake.

Kulikuwa na mtu mmoja Ufaransa, Nicolas Herman, anayejulikana zaidi kama Ndugu Lawrence. Alikuwa askari, baadaye akaingia nyumba ya watawa mjini Paris akawekwa jikoni, kazi ambayo hakuipenda kwa asili yake. Alikufa mwaka 1691. Hakuwa Mpentekoste, najua. Lakini alijizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya sufuria na kelele za jikoni vilevile kama wakati wa sala, na yeye mwenyewe alikiri kwamba kuzoea kulimchukua miaka.

Hapo amenitia moyo, maana mimi bado napotea. Juzi nilimaliza mstari mzima wa chai nikigombana na mtu kichwani. Kufika kituoni, karani akageuza majani yangu akakuta majani magumu na vijiti, akanirudishia nichambue mbele ya watu. Majani mawili na chipukizi, kitu nimejua tangu utotoni! Mkono ulikuwa unachuna peke yake.

Nimejiwekea mambo machache. Simu inabaki nyumbani hadi maziwa yaishe kukamuliwa. Njia ya kwenda kituoni, kila boma ninalopita nalitaja mbele za Mungu, na ikiwa wenyewe wako nje nasimama tunasalimiana kabisa, siyo kupungiana mkono. Tukiwa foleni ya mizani, hapo ndipo pagumu kwangu, kwa sababu pale ndipo habari za bonasi na za siasa zilipo.

Na chai ya asubuhi nainywa kwa mama. Sentensi moja siku hizi inamchukua muda mrefu, na zamani ningemmalizia. Sasa nangoja. Wiki iliyopita alihangaika na neno moja mpaka chai yangu ikapoa, na neno lenyewe lilikuwa "mvua". Alikuwa ameona mawingu upande wa Londiani, akataka nianike kuni ndani.

Kwa ushirika wa nyumbani Alhamisi: kila mmoja achague kazi moja anayoifanya kila siku bila kufikiri, iwe ni kuosha vyombo, kuteka maji au kuwasha moto, aifanye wiki nzima pamoja na Bwana, kisha atuambie aliona nini. Na swali la kujadili: ni nani aliyekuambia jambo wiki hii na hukuinua uso? Ukimkumbuka leo, usingoje Alhamisi. Mwendee.