SOMO LA LUGHA: Maneno Madogo ya Kijaluo kwa Matumizi ya Kila Siku



Hapa Muhoroni tunaishi watu wa lugha nyingi. Tangu skimu za makazi na kiwanda cha sukari vianzishwe miaka ya 1960, Mjaluo, Mkipsigis, Mnandi, Mkisii na Mluhya wamekuwa wakikata miwa pamoja na kuuziana mboga katika soko moja. Kiswahili kinatusaidia sana. Lakini mama mzee anayekuja zahanati, au mzee anayetoa maoni yake kwenye mkutano wa maji, mara nyingi atasema lililo moyoni kwa lugha yake.

Wengi wetu tukianza kujifunza Kijaluo (Dholuo) tunakimbilia majina ya vitu: rech ni samaki, niang' ni muwa, pi ni maji. Hiyo ni vizuri, lakini haitoshi. Yanayobeba maana ni yale maneno madogo: na, au, si, kwa sababu. Ni hivyo kwa lugha nyingi. Hata anayejifunza Kihispania hufundishwa mapema de, en, y na que, kwa maana hayo atakutana nayo karibu kila sentensi.

1. NANI ANASEMA?

Chukua neno dwaro, yaani kutaka:

adwaro – mimi nataka
idwaro – wewe unataka
odwaro – yeye anataka
wadwaro – sisi tunataka
udwaro – ninyi mnataka
gidwaro – wao wanataka

Hapa kuna mitego mitatu kwa mtu wa Kiswahili. Ukisikia a- utadhani ni "yeye", kumbe ni "mimi". Ukisikia u- utadhani ni "wewe", kumbe ni "ninyi". Na ukisikia wa- utadhani ni "wao", kumbe ni "sisi". Mtu akisimama mkutanoni aseme "Wadwaro pi", amesema "Tunataka maji". Ukimtafsiria "Wanataka maji", umelitoa ombi kwake na kuwapa watu wengine. Hapo ugomvi waweza kuanza bure.

2. NENO "OK"

Neno ok kwa Kijaluo ni la kukataa. "Ok ang'eyo" ni "sijui". "Nyathi ok chiem" ni "mtoto hali chakula". Wewe unayefanya kazi zahanati, usije ukalisoma au kulisikia hilo ok ukafikiri mama anasema mambo ni sawa. Anakuambia mtoto ana shida.

3. VIUNGANISHI

gi au kod – na, pamoja na. "Kuon gi rech" (ugali na samaki).
to – lakini. Pia "na" ya kugeuza mazungumzo. "An maber, to in?" (Mimi ni mzima, na wewe?)
koso – au, katika swali. "Chai koso kahawa?"
bende – pia.
nikech – kwa sababu.
mondo – ili. "Bi mondo wachiem" (Njoo tule).
ka – ikiwa, kama.
e – ndani ya, katika. "E ot" (ndani ya nyumba), "e chiro" (sokoni).

4. MASWALI

ang'o – nini? ng'a – nani? kanye – wapi? karang'o – lini? adi – ngapi? marang'o – kwa nini?

5. MAZUNGUMZO SOKONI

– Oyawore, mama. (Habari ya asubuhi, mama.)
– Oyawore ahinya. (Nzuri sana.)
– Rech en pesa adi? (Samaki ni pesa ngapi?)
– Mia achiel. Idwaro adi? (Mia moja. Unataka wangapi?)
– Adwaro ariyo. Bende adwaro alot. (Nataka wawili. Pia nataka mboga.)
– Erokamano. (Asante.)

KWA NINI TUJISUMBUE?

Wazee wetu hawajasahau. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, si mbali na hapa, yakaenea hadi upande wetu. Nyumba zilichomwa, na watu walioishi jirani miaka mingi walikimbiana. Wakati kama huo lugha hugeuzwa kuwa mtego. Katika Waamuzi 12 tunasoma jinsi Waefraimu walivyotambuliwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja tu, Shibolethi, wakauawa watu 42,000. Lakini katika Matendo 2, siku ya Pentekoste, kila mtu alisikia habari njema kwa lugha yake mwenyewe. Lugha ni ile ile. Inaweza kuwa kisu, inaweza kuwa daraja.

Basi na sisi Wajaluo tusikae tukingoja wengine tu wajifunze. Jirani yako Mkalenjin akikusaidia, mwambie "kongoi", ndiyo asante yake. "Chamgei" ni salamu, na "ak" ni "na". Mtu akisikia hata neno moja la kwao kinywani mwako, anajua umemhesabu kuwa mtu.

ZOEZI LA WIKI

1. Sema kwa Kijaluo: "Sijui." "Tunataka maji." "Chai au kahawa?"
2. "Udwaro ang'o?" Anaulizwa mtu mmoja au wengi?
3. Muulize jirani wa kabila lingine maneno matano madogo ya lugha yake, uyaandike.

KWA MAJADILIANO YA JUMUIYA: Je, katika mikutano yetu ya maji, shule na miwa, ni nani hukaa kimya kwa sababu ya lugha? Tutafanya nini ili naye asikike?

Majibu: (1) Ok ang'eyo. Wadwaro pi. Chai koso kahawa? (2) Wengi.