Somo: Mwalimu Sylvia katika Picha Isiyo na Sauti

Mwezi huu twataka kujifunza jinsi watu wanavyoonyeshwa katika picha za sinema, hasa wanawake, na watu wa taifa lililodharauliwa. Mfano wetu ni picha ya Marekani iitwayo Within Our Gates, yaani Ndani ya Malango Yetu. Aliyeitengeneza ni Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, nayo ilionyeshwa Chicago mwezi wa Januari 1920. Siku zile picha hazikuwa na sauti. Watazamaji walisoma maneno kwenye kitambaa cheupe.

1. Sababu yake. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa picha The Birth of a Nation. Humo watu weusi walionyeshwa kuwa wajinga, tena hatari kwa wanawake wa Kizungu. Na wakubwa miongoni mwa hao “weusi” walikuwa Wazungu waliojipaka rangi usoni. Wauaji wa chama cha Ku Klux Klan walionyeshwa kama waokozi. Mwaka uo huo chama hicho, kilichokuwa kimekufa, kilifufuliwa huko Georgia. Basi twaona ya kuwa picha ya uongo si mchezo mtupu.

2. Jibu la Micheaux. Yeye alimweka mbele mwanamke mweusi, Sylvia Landry, aliyeigizwa na Evelyn Preer. Sylvia ni mwalimu. Shule yake ya kusini yahitaji dola 5,000, isipofungwa. Kwa hiyo asafiri peke yake mpaka Boston kuzitafuta. Huko amwokoa mtoto mbele ya motokari, naye mwenyewe agongwa. Mwenye motokari, Bibi Warwick, ataka kusaidia. Lakini rafiki yake, Bibi Stratton, amzuia, akisema elimu haiwafai weusi. Bibi huyo apinga hata kura ya wanawake, maana wanawake weusi nao wangeipata. Mwishoni Bibi Warwick atoa dola 50,000. Tuangalie: wanawake hawa watatu si wa namna moja, na kila mmoja ana nia yake.

Kisha twaonyeshwa zamani za Sylvia. Wazazi waliomlea wanyongwa na umati wa Wazungu kwa uongo, na mzee mmoja Mzungu ajaribu kumnajisi. Hivyo Micheaux ayageuza mashtaka ya Griffith.

3. Hakuficha makosa ya watu wake. Yumo mhubiri mweusi, Ned, awafundishaye watu wake kuridhika na ujinga, ili apendwe na wakubwa. Hao wampiga teke na kumcheka. Akiisha kutoka mlangoni, ajilaumu ya kuwa ameuza haki yake kama Esau. Neno hili latuhusu sote tufundishao wengine.

4. Upungufu wake. Yule mzee aacha ubaya wake alipoona kovu, akatambua ya kuwa Sylvia ni binti yake. Basi aliyekuwa karibu kumharibu azuiwa na damu yake mwenyewe, wala si na heshima ya mwanamke. Tena mwishoni Daktari Vivian ndiye anenaye, na Sylvia, aliyetenda mengi, asikiliza. Kisha huja ndoa.

Picha hii ilipotea miaka mingi. Nakala moja ilipatikana Hispania, nayo ikatengenezwa upya mwaka 1993 na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kama isingalionekana, picha ya Griffith ingalibaki bila jibu hili.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
(a) Katika hadithi tuzisimuliazo, ni nani atendaye, na ni nani atendewaye tu?
(b) Je, twasimulia habari za jirani kama alivyo, au kama tumwogopavyo?
(c) Ned alipata faida gani, na ni nani waliolipa?