Makaa ya Mawe na Gesi Yake: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Uchimbaji

Makaa ya mawe ya Bonde la Mui hapa Kitui yamezungumziwa kwa miaka mingi. Jambo moja halijaelezwa vya kutosha: makaa hayo huweza kubeba gesi ya methani, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kiasi chake hutegemea jinsi makaa yenyewe yalivyo.

Gesi hukaa wapi?
Makaa ya mawe yana vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Methani hunata kwenye kuta za vitundu hivyo, ikishikiliwa na uzito wa maji na miamba iliyo juu. Mgodi unapofunguliwa, shinikizo hupungua na gesi hutoka.

Mambo yanayoamua kiasi cha gesi
1. Ukomavu. Makaa machanga, yaani linaiti, kwa kawaida hubeba gesi kidogo. Yaliyokomaa kwa joto na shinikizo, kama bituminasi na antrasaiti, hubeba zaidi.
2. Asili ya mimea. Sehemu inayong'aa, iliyotokana na mbao na magome, huitwa vitriniti. Ina vitundu vidogo vingi, hivyo mara nyingi hushika methani zaidi kuliko inatiniti, iliyotokana na mimea iliyoungua au kuoza kabla ya kufukiwa.
3. Maji. Maji yakishatangulia kushika nafasi, gesi hukosa pa kunata.
4. Majivu. Udongo na mchanga uliochanganyika na makaa haushiki gesi. Majivu yakiwa mengi, gesi hupungua.
5. Kina. Kadiri tabaka lilivyo chini, ndivyo shinikizo linavyoongezeka na gesi huwa nyingi zaidi.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?
Methani ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Huko Senghenydd, Wales, mlipuko wa Oktoba 1913 uliua wachimbaji 439. Kwa hiyo, hata makaa yenye gesi kidogo ni hatari pasipo hewa ya kutosha mgodini. Methani inayoachwa itoke ovyo pia huongeza joto duniani kuliko kaboni dioksidi.

Maswali ya kuuliza kwenye vikao vya umma
Katiba, Kifungu cha 69, inahimiza wananchi washirikishwe katika kutunza mazingira. Mkialikwa kutoa maoni, ulizeni:
- Je, sampuli za makaa zimepimwa gesi, unyevu na majivu?
- Tabaka liko kina gani?
- Hewa ya mgodini itapimwa na nani, na mara ngapi kwa siku?
- Gesi itakayotoka itapelekwa wapi?

Tahadhari
Ukiona mapovu ya gesi kwenye shimo lililochimbwa, usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara karibu nalo. Waondoe watoto, kisha umjulishe chifu au msimamizi wa wadi mara moja.