Kimeng'enya Kivushaji: Neno "Kosa" na Saratani ya Umio katika Ukanda wa Chai

Utangulizi

Makala haya yanahusu vimeng'enya vya mwilini vinavyonakili DNA iliyojeruhiwa, na ambavyo katika kazi hiyo hukosea mara nyingi. Huenda msomaji akajiuliza mada kama hii imeingiaje katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba sayansi ikishamfikia mgonjwa huwa ni suala la lugha, na katika kaunti za Kericho na Bomet imekwisha kumfikia.

Mwaka 2002, jarida la tiba la Lancet lilichapisha taarifa kutoka Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, iliyoonyesha kwamba saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, ilikuwa ya kawaida miongoni mwa vijana wa iliyokuwa Wilaya ya Bomet. Mwaka 2010 ukachapishwa uchunguzi mwingine kutoka hospitali hiyo, uliohusu wagonjwa vijana 109. Kwingi duniani ugonjwa huu huwapata watu wa makamo na wazee. Hapana budi basi kuuliza ni nini kinachotendeka ndani ya seli za umio.

Wanakili wawili

Mwanafunzi wa fasihi ana njia yake ya kulielewa jambo hili. Tendi zetu za kale zilitufikia kwa mikono ya wanakili walioziandika upya kwa hati ya Kiarabu. Tuchukulie kwamba mnakili amefika mahali ambapo mchwa wamekula neno. Anaweza kuweka kalamu chini, na utendi ukakomea hapo. Anaweza pia kukisia neno lililopotea na kuendelea, ingawa ubeti huo utakuwa na mashaka daima.

DNA ya binadamu ni maandishi ya herufi nne tu, A, T, C na G, zipatazo bilioni 3 katika nakala moja. A hukaa mkabala na T, na C mkabala na G. Kila seli inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa. Kazi hii hufanywa hasa na vimeng'enya viitwavyo polimerasi delta na polimerasi epsiloni, ambavyo ni makini mno. Hukosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000, kisha hurudi nyuma na kusahihisha. Baada ya usahihishaji wote wa seli, hitilafu inayobaki ni kama moja katika kila herufi bilioni moja.

Umakini huo una gharama yake. Vimeng'enya hivi vikikuta herufi iliyoharibiwa na jua, moshi au kemikali, husimama. Vikisimama mno, uzi wa DNA waweza kukatika na seli ikafa. Hapo ndipo wanakili wa akiba huitwa: polimerasi eta, iota, kapa na REV1. Hawa hawana uwezo wa kurudi nyuma na kujisahihisha. Eta, ikipewa DNA nzima isiyo na jeraha, yaweza kukosea mara moja katika kila herufi mia moja hivi, na hata zaidi. Iota ni ya ajabu kupita zote: mkabala na T huweka G mara nyingi kuliko A iliyo sahihi.

Hata hivyo, tusiharakishe kuvilaumu. Eta ikikuta herufi mbili za T zilizogandishwa pamoja na miale ya jua, aghalabu huweka A mbili, sawasawa kabisa. Mwaka 1999 ilibainika kwamba watu waliozaliwa bila eta timamu hupata aina ya ugonjwa wa ngozi uitwao zeroderma pigmentosa, na saratani za ngozi huwaandama. Kapa nayo huvuka jeraha linaloachwa na benzopirini, sumu iliyomo katika moshi wa kuni na wa tumbaku, na mara nyingi huweka herufi inayostahili. Kinachoonekana kuwa uzembe ndicho kinachowafaa kwa kazi ya dharura.

Alama zilizoachwa

Katika ukanda huu washukiwa wa saratani ya umio ni wengi: chai inayonywewa ingali moto sana, moshi wa jikoni, pombe, tumbaku, na hata mursik, maziwa ya Wakipsigis yanayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti kama vile senetwet. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ikumbukwe kwamba kilichoshukiwa ni joto. Jani la chai halikutiwa hatiani. Utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2019 ulihusisha pia vinywaji vya moto sana na ugonjwa huu.

Mwaka 2021 jarida la Nature Genetics lilitoa matokeo ya usomaji wa DNA nzima ya saratani 552 za umio kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo. Ilitarajiwa kwamba maeneo yenye wagonjwa wengi yangeonyesha alama ya sumu fulani, kama mwandiko wa mnakili mmoja unavyotambulika. Haikuwa hivyo. Alama zilifanana mno, ziwe za nchi zenye wagonjwa wengi au wachache. Zilizojitokeza katika takriban visa 9 kati ya 10 ni za vimeng'enya vya jamii ya APOBEC, ambavyo kwa kawaida ni askari wa seli dhidi ya virusi. Askari hawa huibadili C ya seli yenyewe. Herufi hiyo iliyobadilishwa ikiondolewa, hubaki pengo. REV1 hufika, na kwa kuwa tabia yake ni kuweka C popote inapoitwa, C huwekwa mkabala na pengo hilo. Palipokuwa na C hatimaye huwa G.

Kwa maoni yangu, matokeo haya yanapaswa kupunguza ukali wa lawama zinazoelekezwa kwa kibuyu cha mursik na kikombe cha chai. Hayaviondolei shaka, kwani joto laweza kuunguza umio kila siku, seli zikalazimika kugawanyika upya, na kila mgawanyiko ukawa fursa nyingine ya hitilafu, bila joto lenyewe kuacha saini.

Makosa ya nani?

Katika mashamba ya chai, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mkipsigis, Mkisii, Mluo na Mluhya. Mgonjwa akielezwa kwa Kiswahili kwamba "kuna makosa katika seli zako", swali linalofuata ni: makosa ya nani? Kosa katika lugha yetu ni upungufu na pia ni hatia. Mahakamani kuna kosa la jinai, na nyumbani aliyekosea huomba radhi. Mjane aliyempikia mumewe chai ya moto kwa miaka 30 atalisikia neno hilo kwa namna yake.

Napendekeza tuseme "hitilafu", neno ambalo wahakiki wa miswada hulitumia kwa tofauti za nakala bila kumhukumu mtu. Kimeng'enya chenyewe nisingekiita "kikosefu" wala "kizembe". "Kimeng'enya kivushaji" chatosha, kwa sababu kazi yake ni kuuvusha unakili ng'ambo ya jeraha. Hata "mnakili", neno nililolitumia hapo juu kwa ajili ya wanafasihi, lina hatari yake: ngeli ya A-WA hukipa kitu nia, na REV1 haina nia.

Si suala la istilahi tupu. Katika utafiti wa Bomet uliochapishwa mwaka 2016, watu 305 wasio na dalili yoyote walichunguzwa umio kwa kamera, na asilimia 14.4 wakakutwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani. Hao walikuwa wazima, waliohitaji kuelezwa jambo lililomo ndani yao, na kushawishiwa kurudi kuchunguzwa tena.