Jeraha la Jembe na Kinga ya Pepopunda
Bakteria wa pepopunda hukaa katika udongo na samadi, nao huingia mwilini kupitia jeraha, hata likiwa dogo. Mkulima aliyejikata kwa jembe alikandamize jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha alioshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Asipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Siku hiyohiyo afike zahanati na kueleza alichanjwa lini: kwa jeraha lenye uchafu, chanjo hurudiwa iwapo imepita miaka 5. Jeraha kufunga si dalili ya usalama. Taya huweza kukaza baada ya siku 3 hadi 21, na ugonjwa huua. Aliyepona pia huchanjwa, kwani kuugua hakuleti kinga.