Kutia Nanga Bandarini Unguja: Pima kwa Maji Kujaa

Mwezi Julai na Agosti, likizo za kiangazi za Ulaya huleta wageni wengi Unguja, na nafasi ya kutia nanga mbele ya Mji Mkongwe huwa finyu. Mwenye boti ya starehe, au aliyeikodi, hushawishika kufupisha kamba ya nanga ili asisogelee vyombo jirani. Hapo ndipo hasara huanzia.

Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa yaweza kufikia mita 4, kwa muda wa takribani saa 6. Kanuni ya kawaida ni kamba isiyopungua mara 5 ya kina cha maji pamoja na kimo cha omo.

Mfano: maji yamekupwa, kina ni mita 3 na kimo cha omo ni mita 1. Kamba ya mita 20 yatosha. Maji yakijaa, kina huwa mita 7, na kamba inayohitajika ni mita 40. Ukibaki na zile 20, nanga yaweza kung'oka na boti ikagonga chombo cha mwenzako.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Kokotoa urefu wa kamba kwa kina cha maji kujaa.
2. Nafasi isipotosha boti kuzunguka, usifupishe kamba; tafuta boya au mahali pengine.
3. Kabla ya kufunga kwenye boya, muulize mwenyewe lilikaguliwa lini na linahimili chombo cha uzito gani.
4. Kubalianeni kwa maandishi kuhusu ada na mlinzi wa chombo, kisha udai risiti.